Umezitazama nati kabla ya safari ya Ukambani?

Iwapo unapanga kuipeleka familia Kitui au Makueni likizo hii, huenda tayari umemnunulia nyanya sukari na majani ya chai, na tangi umelijaza. Je, nati za magurudumu umezitazama?

Kila gurudumu hushikiliwa na nati nne, tano au sita tu. Zikilegea, matundu ya rimu hupanuka, boliti hukatika na gurudumu huchomoka gari likiwa mbioni. Dalili hutangulia: usukani hutetemeka, kitu hugonga chini, michirizi ya kutu huonekana kando ya nati. Usiongeze sauti ya redio. Simama.

Mara nyingi chanzo ni pancha iliyozibwa kwa pupa. Fundi hukaza nati moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, kisha huisimamia spana kwa miguu yote miwili! Nguvu hiyo huivuta boliti hadi ikachoka. Mwambie apanguse kwanza kutu na mchanga nyuma ya rimu, akaze kidogo kidogo, akiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili. Baada ya kilomita 80 hivi zikazwe tena, kwa kuwa rimu huendelea kujikalisha. Basi gurudumu lililofungwa Nairobi likaguliwe mkifika Machakos, kabla ya barabara za murram zenye mawimbi kuanza kulitikisa.

Wako madereva wanaopunguza upepo eti kwa sababu ya joto la Kibwezi. Ni kinyume kabisa. Tairi lenye upepo haba hujikunja sana linapozunguka, likazidi kupata moto, hadi tabaka zake zikaachana na kupasuka. Lipime asubuhi likiwa baridi, ukifuata kibandiko kilicho mlangoni pa dereva. Na mkirejea na magunia ya maembe (nani hutoka Makueni mikono mitupu?), tumia kipimo cha gari lenye mzigo.

Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi kuukuu hupasuka hata kama kashata zake bado ni nzito. Spea nayo huzeeka ikiwa imelala tu, na wengi huikuta haina upepo siku ya shida.

Jumamosi kabla ya safari, toa jeki na ujaribu kulegeza nati moja kwa spana ya gari lenyewe. Ikiwa haiingii, heri ujue ukiwa nyumbani kuliko kati ya Mutomo na Ikutha, giza likiingia na watoto wakiuliza maji.