Mfugaji Alipwe Ng'ombe Angali Amesimama

Ukame ukishakaza, serikali hukimbilia njia ilizozoea: kugawa chakula, na kununua mifugo iliyodhoofika kupitia Kamisheni ya Nyama ya Kenya (KMC). Ndivyo ilivyokuwa baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Mvua ziligoma misimu mitano mfululizo, na kufikia mwisho wa 2022 mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa. Misaada hiyo si mibaya. Kasoro yake ni kuchelewa. Lori la kununua mifugo linapofika, mbavu za ng'ombe zinahesabika, dalali anataja bei aitakayo, na robota la nyasi limeshapanda bei. Pesa za dharura zingefuata hali ya malisho badala ya idadi ya mizoga, shilingi ileile ingeokoa mengi zaidi.

Kenya yenyewe imeshalijaribu jambo hili. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ilipoanzisha bima ya mifugo Marsabit mwaka wa 2010, setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na fidia ikakadiriwa kwa vifo vilivyotarajiwa. Baadaye hesabu iligeuzwa: malipo yakatolewa malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue nyasi, dawa na maji. Mpango wa bima ya mifugo wa serikali, KLIP, ulioanza Turkana na Wajir mwaka wa 2015, ulishika mkondo huo. Serikali ililipia kaya maskini ada ya bima ya mifugo sawa na ng'ombe watano. Hata Marekani, pamoja na kufidia mifugo iliyokufa, ina mpango mwingine unaomlipa mfugaji malisho yanapokauka.

Hapa Rongai, kaunti ya Nakuru, ugumu unaanzia kwenye mpaka. Nakuru hujulikana kwa maziwa, ngano na viazi, kwa hiyo haimo katika kaunti 23 ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) hufuatilia hali zake. Lakini nyanda za chini za wadi yetu ya Soin zimepakana na Mogotio, kaunti ya Baringo, na jua linalokausha nyasi upande mmoja haliulizi upande wa pili uko chini ya gavana yupi. Malisho yapimwe kwa wadi, si kwa sifa ya kaunti nzima.

Wapo watakaosema heri mfugaji auze mapema. Ni kweli, ila wote wakiuza kwa pamoja mnada huporomoka, na mitamba ikishauzwa hakuna kundi la kuanzia mvua zikirudi. Pesa za mapema humwezesha kuuza madume na kubakiza majike. Wengine watataja makosa ya setilaiti, na wana haki: kule Baringo miti ya mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha. Dawa yake ni maafisa wa mifugo wa wadi kuthibitisha vipimo kwa macho. Kuhusu fedha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini kwa mahitaji yasiyotarajiwa, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato. Ukame wa Soin unatarajiwa. Mahali pake ni kwenye bajeti ya kawaida, pamoja na kiwango cha ukavu kitakachofungua malipo, kikiwa kimepitishwa na bunge la kaunti kabla ya kiangazi kuingia.