Musonoi: startapu haianze na nyumba, inaanza na watu

Mwezi wa 9 mwaka 1990, sehemu ya mgodi wa chini ya udongo wa Kamoto, hapa Kolwezi, ilibomoka. Miaka michache mbele ya hapo, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 ilifika chini ya tani 50.000. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kujitolea.

Familia za Musonoi hazijasahau. Mshahara, shule, hospitali, vyote vilitoka kwa bosi mmoja. Bosi alipoanguka, kila kitu kikaanguka naye.

Leo migodi inafanya kazi tena, na kampuni ni nyingi. Lakini swali ni lile lile: siku udongo utakapoisha, ao bei ya kobalti itakapoanguka, watoto wa Musonoi watakula nini? Jibu moja ni kazi za kompyuta na simu.

Startapu ni nini?

Si kila kibanda cha kutengeneza simu ni startapu. Startapu ni kampuni changa inayotafuta jibu jipya kwa shida fulani, na jibu hilo linaweza kutumikia watu wengi. Mfano: mama anauza unga sokoni, wateja wanakopa, daftari linapotea. Programu ndogo ya simu inayomwekea hesabu zake inaweza kumsaidia yeye, na kesho wamama wa Likasi na Lubumbashi.

Watu kwanza, nyumba baadaye

Wengi wanafikiri lazima kungoja serikali ijenge jumba lenye kompyuta. Nairobi inaonyesha njia ingine. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa fujo ya uchaguzi, watu wachache waliojuana kwa sababu ya kuandika kwenye intaneti walitengeneza Ushahidi, chombo cha kukusanya habari za fujo na kuzionyesha kwenye ramani. Nyumba ya kukutania, iHub, ilifunguliwa miaka miwili nyuma, mwaka 2010. Kwa hiyo shida ilitangulia, watu wakafuata, nyumba ikaja mwisho.

Soko liko wapi?

Hapa soko kubwa ni migodi yenyewe. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 inasema kazi za sutretansi, maana yake kazi ambazo kampuni kubwa inapatia kampuni ndogo, ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kutunza kompyuta, kufuata malori njiani, kuandaa orodha za chakula cha wafanyakazi: hizo zote kijana wa hapa anaweza kufanya.

Shida ni karatasi. Kampuni kubwa haiwezi kulipa mtu asiyejulikana kisheria. Ni lazima kupita Guichet unique, kupata namba ya biashara na namba ya kodi. Kuna pia sheria ya tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 2022 juu ya ujasiriamali na startapu. Lakini sheria haimfuati mtu nyumbani, inasaidia yule anayekuja na karatasi zake.

Na feza za kuanzia?

Kodi ya mines ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni ya mgodi kuweka pembeni angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Kampuni ikiuza kwa dola milioni 100, hiyo ni dola 300.000. Feza hizo zinasimamiwa na kamati ambamo wakaaji wana wajumbe wao. Mara nyingi watu wanaomba darasa, kisima, barabara, na ni haki yao. Lakini chumba chenye paneli za jua na intaneti kinaweza kuombwa vilevile, kama vijana wanafika mbele ya wajumbe na mpango ulioandikwa.

Kuanza na kile kilichoko

Umeme unakatika na mega ni bei kali. Ndiyo maana kijana peke yake anachoka haraka. Watu kumi wanaochanga kwa paneli moja na intaneti moja wanalipa kidogo kila mmoja. Wachague siku moja ya juma isiyobadilika, darasa la shule ao ukumbi wa kanisa, na shida moja tu ya kartiye. Anayejua kuandika programu amfundishe asiyejua, na wasichana wapate nafasi ya kushika kompyuta, si ya kupanga viti tu.

Miezi sita kikundi kikiendelea kukutana, kitakuwa na kitu cha kuonyesha kwa kamati na kwa migodi. Kikivunjika juu ya kungoja jumba, hata jumba likija litabaki na vumbi.