Sigara ya Umeme: Je, Daktari Wako Amefundishwa?

Tuseme kijana wako amerudi nyumbani kutoka mjini. Mfukoni ana kitu chembamba kama kalamu. Anakitia mdomoni, anavuta, kisha anatoa wingu jeupe lenye harufu ya embe. Hakuna kiberiti wala jivu. Unamuuliza, "Ni nini hicho?" Anakujibu, "Hii si sigara, baba. Ni mvuke tu."

Utamuuliza nani kama kijana anasema kweli? Bila shaka utakwenda zahanati kumuuliza mganga. Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kuzungumza nawe mwezi huu. Mganga naye alikuwa mwanafunzi. Anayoyajua alifundishwa. Je, habari za kitu hiki alifundishwa?

CHOMBO CHENYEWE

Chombo hiki kinaitwa sigara ya umeme. Vijana wa mjini hukiita vepu. Aliyekibuni kwa namna inayojulikana leo ni mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Hon Lik alitaka kupata njia ya kuvuta bila moshi.

Ndani ya chombo mna betri, kama ile ya simu. Mna kijiwaya kinachopata moto. Tena mna maji mazito yaliyotiwa manukato. Ukivuta, betri hupasha kijiwaya moto, na kijiwaya huyageuza maji yale kuwa ukungu. Ukungu huo ndio unaoingia mapafuni. Watu huuita mvuke, lakini si mvuke kama wa birika la chai. Ni matone madogo sana ya kemikali.

Katika maji hayo, mara nyingi, mna nikotini. Kama unalima tumbaku Urambo, Kaliua au Namtumbo, nikotini unaijua hata kama jina lake hulijui. Umewahi kuchuma majani mabichi ya tumbaku asubuhi, yakiwa bado na umande? Baadaye kichwa kinauma, unaona kizunguzungu, pengine unatapika. Nikotini imetoka kwenye majani, imepita katika ngozi ya mikono, imeingia katika damu. Zamani nikotini ilitumika hata kuua wadudu wa mimea.

Nikotini hiyo ndiyo inayomfunga mvutaji. Akiivuta, hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo ukishaizoea, huidai. Asipoipata, mtu huwa na hasira, hakai akatulia, na kazi haendi nayo. Ubongo wa kijana bado unakua, nao huzoea upesi kuliko wa mtu mzima.

Basi kijana wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hakuna tumbaku inayochomwa. Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na nyingi hutokana na kule kuchomwa. Lami inayoziba mapafu ya mvutaji hutoka hapo. Wataalamu wanakubali kwamba ukungu wa sigara ya umeme una sumu chache kuliko moshi wa sigara. Lakini neno "chache" si sawa na neno "hakuna". Tena saratani ya mapafu haiji upesi. Hukaa miaka 20 au 30 ndipo ionekane. Chombo hiki hakijaishi muda mrefu kiasi hicho mikononi mwa watu wengi.

Mwaka 2019 Marekani ilipata kisa cha kutisha. Vijana waliokuwa na afya njema walianza kufika hospitali wakishindwa kupumua. Hadi mwezi Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au wamekufa, na waliokufa walikuwa 68. Madaktari walipochunguza waligundua kwamba wengi wao walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi, yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Vitamini hiyo haina ubaya ikiliwa katika chakula, lakini mapafu si tumbo. Jambo la kukumbuka ni kwamba mvutaji hakujua kilichokuwemo ndani ya kichupa chake. Daktari wa kwanza kumpokea naye hakujua.

MADAKTARI WA SIGARA

Usishangae kusikia kwamba daktari anaweza kutojua. Jambo hilo limewahi kutokea, tena kwa sigara ya kawaida. Mwaka 1946 kampuni moja ya sigara ya Marekani ilitangaza kwa fahari kwamba madaktari wengi huvuta sigara yake kuliko nyingine. Katika picha za matangazo walichorwa madaktari wenye makoti meupe. Mgonjwa angekatazwaje kuvuta na mtu aliyeshika sigara mwenyewe?

Uingereza nako madaktari wengi walikuwa wakivuta. Wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu mahospitalini juu ya maisha yao. Waliona kwamba karibu wote walikuwa wavutaji. Doll naye alikuwa mvutaji. Alipoona majibu hayo yanajitokeza, aliacha.

Mwaka 1951 wataalamu hao walifanya jambo la busara sana. Waliwaandikia barua madaktari wote wa Uingereza, wakawauliza: Je, unavuta? Unavuta sigara ngapi? Madaktari kama 40,000 walijibu. Kisha wataalamu walingoja. Kila daktari alipokufa, waliuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Baada ya miaka michache tu, mwaka 1954, walianza kutoa majibu: madaktari waliovuta sana walikuwa wakifa zaidi kwa saratani ya mapafu.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Iliendelea kwa miaka 50. Mwaka 2004 Doll, akiwa mzee wa miaka 91, alitoa taarifa nyingine pamoja na wenzake. Wanaume waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa kadiri ya miaka 10 kuliko wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 50 alijirudishia kama miaka 6. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alijirudishia karibu yote 10.

Angalia kilichotokea katikati ya miaka hiyo. Madaktari wa Uingereza walisoma habari za vifo vya wenzao, na wengi wakaacha sigara. Baada ya hapo waliweza kumwambia mgonjwa "acha" bila kuona haya. Ilichukua miaka mingi, na watu wengi walikufa katika miaka hiyo ya kungoja.

WANAFUNZI WA LEO

Sasa turudi kwa wanafunzi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani na wenzake walianza kuwauliza wanafunzi wa udaktari, uuguzi, meno na ufamasia habari za tumbaku. Nchi 10 zilikuwa za kwanza, na jirani zetu wa Uganda walikuwamo. Wanafunzi wengi walisema kwamba mtu wa afya ni kioo cha watu. Walisema pia kwamba wanataka kufundishwa namna ya kumsaidia mgonjwa aache kuvuta. Lakini waliokwisha kufundishwa walikuwa wachache. Walijua kwamba sigara inaua. Kukaa na mgonjwa na kumwongoza hatua kwa hatua mpaka aache, hilo ni somo jingine.

Kama ndivyo ilivyokuwa kwa sigara, ambayo madhara yake yanajulikana tangu zamani, itakuwaje kwa sigara ya umeme? Katika chuo kimoja cha udaktari huko Minnesota, Marekani, wanafunzi waliulizwa. Taarifa ilitoka mwaka 2018. Zaidi ya wanafunzi 9 katika kila 10 walisema kwamba chuoni hawajafundishwa vya kutosha juu ya chombo hiki. Hao ni wanafunzi wa nchi tajiri, ambako chombo chenyewe kinauzwa dukani kila mtaa.

Wanafunzi wameulizwa pia katika nchi nyingine, kama Poland na Saudi Arabia. Huko imeonekana kwamba wako wanafunzi wa udaktari wanaokivuta wenyewe. Mtu asiyefundishwa darasani hujifunza kwa rafiki au kwa tangazo la muuzaji. Muuzaji atamwambia nini, kama si kwamba ni mvuke tu?

Tatizo jingine ni kwamba wakubwa nao hawasemi neno moja. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, imekataza kabisa kuingiza na kuuza sigara za umeme. Uingereza, kwa upande wake, huwaambia watu wazima wanaovuta sigara kwamba wanaweza kuhamia chombo hiki ili waiache sigara. Lakini Uingereza hiyo hiyo hairuhusu auziwe mtoto wa chini ya miaka 18, na tangu Juni 2025 imekataza vile vya kutumia mara moja na kutupa. Mwanafunzi akisoma hapa anaona katazo, akisoma kule anaona ruhusa.

Sisi tunaona mambo hayo mawili hayagombani sana. Mzee aliyevuta sigara miaka 40 na kushindwa kuacha, huyo ana shida yake. Kijana ambaye hajavuta chochote hana shida ya kutibiwa kwa nikotini. Na hayo manukato ya embe na peremende, kwa maoni yetu, hayakutiwa kwa ajili ya yule mzee.

UKIENDA ZAHANATI

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anatumia chombo hiki, mwambie mganga. Akikuuliza, "Unavuta sigara?" usijibu "Hapana" kwa sababu hakuna moshi. Sema unachovuta, mara ngapi kwa siku, na tangu lini. Mama mjamzito asifiche hata kidogo, maana nikotini humdhuru mtoto aliye tumboni.

Watoto wadogo wawekwe mbali na kile kichupa. Kina harufu ya pipi, na mtoto atakinywa. Maji yale yakinywewa ni sumu, hata yakimwagika kwenye ngozi huingia mwilini. Yakimwagika, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akiyanywa, usimpe dawa ya kutapisha. Mkimbize zahanati. Betri nayo huweza kulipuka, kwa hiyo isiachwe juani wala karibu na moto.

Unapokwenda, chukua chombo chenyewe pamoja na kichupa chake. Mganga asome kilichoandikwa humo. Inawezekana hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kukishika mkononi.