Mtoto Aliyeumizwa Asingoje Baraza



Desturi yetu, katika milima ya Umatengo na huku ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ni kwamba jambo zito la nyumba haliamuliwi na mtu mmoja. Baba huwaita ndugu zake, mjomba aliyeko Lituhi hupelekewa habari, wazee huketi wakashauriana. Desturi hii ni njema, nayo imetuliza ugomvi mwingi wa mashamba na wa mahari. Lakini liko jambo moja lisiloweza kungoja baraza, nalo ni mtoto anayedhaniwa kwamba amebakwa, au amelawitiwa, au amepigwa kupita kiasi. Kwa mtoto huyo saa zahesabiwa.

Sababu yake ni hii. Aliyeingiliwa kwa nguvu aweza kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Dawa za kuvizuia zipo, lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea yazipunguzia nguvu. Kisha humezwa kila siku kwa muda wa siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu. Fikirini basi: siku ya kwanza mama anyamaza kwa hofu, siku ya pili mjumbe yuko njiani, siku ya tatu wazee waketi. Wakati wanapokubaliana juu ya faini ya mbuzi, mlango wa dawa umekwisha kufungwa. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia dawa ya kuzuia mimba, nayo haifai baada ya siku tano. Mbuzi hatibu ugonjwa, wala hamzuii mwovu asirudie.

Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya mijini. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi katika Tanzania nzima, ukatangazwa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walitendewa uovu wa kimwili wa zinaa kabla ya kutimiza miaka 18. Angalieni kwamba wavulana nao wamo, ingawa aibu huwafunga kinywa zaidi.

Wazazi wengi huogopa kumpeleka mtoto kwa daktari kwa kuwa hawajui atatendewa nini. Na waelewe. Daktari humsikiliza mtoto kwanza, na maneno yake huandikwa kama alivyoyasema. Kisha humtazama mwili wote, tangu kichwa hata nyayo, wala si mahali pamoja tu. Mtu ambaye mtoto anamwamini aweza kukaa karibu naye. Sehemu za siri za mtoto mdogo hutazamwa kwa upole, na mara nyingi kutazama kwa nje kwatosha. Mtoto akikataa, hashikwi kwa nguvu. Baadaye huja tiba: dawa tulizozitaja, dawa za magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo za homa ya ini na pepopunda zikihitajiwa. Hurudi tena siku zilizowekwa ili damu ipimwe upya na moyo wake uangaliwe.

Hapa pana kosa moja ambalo limewadhulumu watoto wengi. Daktari akisema kwamba hakuona jeraha, watu husema, “Basi mtoto ni mwongo.” Sivyo kabisa. Watoto wengi waliotendewa uovu huo hawaonekani na jeraha lolote, maana sehemu hizo hupona upesi, na uovu mwingine hauachi alama tangu mwanzo. Sheria yetu ya ushahidi yalijua hilo: hakimu akiridhika kwamba mtoto aliyetendewa kosa la kujamiiana asema kweli, aweza kumtia mkosaji hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake.

Kwa mtoto aliyepigwa, daktari huuliza ilikuwaje, kisha hulinganisha maneno na mwili. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watoto wachanga ambao picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyovunjika, na habari za wazazi hazikupatana na picha hizo. Mtoto asiyetambaa bado hapati kwa kawaida alama za kuvilia damu kwa kuanguka kwake mwenyewe. Kwa hiyo daktari anayeuliza sana hatukani nyumba yenu, amlinda mtoto.

Basi ifanyike hivi. Mpelekeni mtoto siku ile ile kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama dawa hazipo, ombeni barua mpate kwenda mbele, iwe Mbinga, Litembo au Liuli. Msimwogeshe kwanza, lakini akiwa ameoga, nendeni vilevile. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungeni katika karatasi au kitambaa kikavu, wala si katika nailoni, maana huozesha. Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hutoa fomu namba 3, iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza nayo hupelekwa mahakamani. Lakini mtoto anayetoka damu au aliye hatarini atibiwe kwanza. Asiyejua pa kuanzia apige simu namba 116. Ni ya msaada kwa watoto, wala hailipiwi.

Walimu wenzangu, sisi mara nyingi ndio wa kwanza kuona: mtoto aliyekuwa mchangamfu anyamaza, aogopa kurudi nyumbani, au aketi kwa shida. Tumwulize kwa upole, “Imekuwaje?” kisha tumwache aseme. Tusimtie maneno kinywani, wala tusimhoji mara kumi, wala habari yake isifike kisimani na sokoni. Kupeleka habari si hiari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mtu mwenye habari kwamba haki ya mtoto imevunjwa azipeleke kwa serikali ya mahali pake.

Je, wazee hawana kazi tena? Wanayo, tena kubwa. Mtoto akiisha kufika kwa daktari, baraza na liketi. Liamue mtoto atalala nyumba gani, mbali na anayeshukiwa, hata kama huyo ni wa ukoo. Litafute nauli ya kurudi hospitali. Lichague atakayemkumbusha mtoto vidonge vyake hata siku ya 28. Lihakikishe kwamba shahidi hahongwi wala hatoroshwi ng'ambo ya ziwa, maana shahidi asipofika, kesi huanguka. Wazee wakifanya hayo watakuwa wamemhukumia mtoto haki, na mbuzi abaki zizini.