Je, Wajua? Jumapili ya familia, kutoka Baraka hadi Chicago

Je, wajua kwamba mtoto wa Baraka anayechezea maji Jumapili alasiri yuko kwenye ukingo wa ziwa la pili kwa kina duniani? Tanganyika linashuka hadi mita 1,470. Linapitwa na Baikal la Urusi peke yake. Wageni hukata tiketi ya ndege ili walione, na sisi tunatoka kanisani, mama anajitwika beseni la mihogo, watoto wanatangulia mbio, na tumefika.

Je, wajua kwamba ndugu zetu walioko Marekani nao wana Maziwa Makuu yao? Ni matano, na manne kati yake wanayagawana na Kanada. Familia nyingi za Fizi zilivuka maji kukimbia vita, zikaishi miaka na miaka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, kisha zikapelekwa Louisville, Boise, Houston, Phoenix, Grand Rapids. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote. Waliofikia Grand Rapids au Chicago wana Ziwa Michigan karibu, na fukwe za Chicago haziombi kiingilio. Mpwa wangu aliponionyesha kwa simu mchanga mweupe na maji yasiyo na ng'ambo, nilidhani anapiga picha kutoka Kazimia.

Sasa pima. Michigan lina kina cha mita 281 tu. Maziwa yao yote matano yakijumlishwa yana kama kilomita za ujazo 22,700 za maji. Tanganyika peke yake lina takriban 18,900. Chukua Superior, lililo kubwa kuliko yote kwao, uongeze Michigan juu yake, bado hujafikia ziwa ambalo mwanao anaoshea miguu. Na mwezi wa kwanza, wakati ukingo wa Michigan umeshikwa na barafu, maji ya juu ya Tanganyika yana joto la nyuzi 25 na zaidi. Mpwa wangu hakupenda kusikia hilo. Alinyamaza, halafu akaniomba nigeuze simu aone mawimbi.

Je, wajua kwamba ghuba iliyo mbele ya Baraka inaitwa Ghuba ya Burton kwenye ramani? Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa pili 1858, na miezi michache baadaye wakapandishwa mitumbwi, wakapita Ubwari hadi Uvira. Burton aliiandika Ubwari kuwa kisiwa. Mtoto yeyote wa Baraka anayetazama milima ile ng'ambo ya ghuba angemwambia kwamba ni rasi, imeshikana na bara upande wa kusini. Mchezo mzuri wa kuwapa watoto ufukweni: chora Ubwari kwenye mchanga kwa kidole, kisha waulize mtumbwi upite wapi.

Je, wajua kwamba ziwa hili lina samaki anayehamisha nyumba kwa mdomo? Wataalamu wanamwita Lamprologus callipterus. Dume huzoa makombe matupu ya konokono, moja moja, akayarundika mahali pake. Majike huja, kila mmoja akaingia katika kombe lake, akataga humo. Dume anaweza kumzidi jike uzito mara 12, maana jike akiwa mkubwa haingii mlangoni. Kwa hiyo mtoto anayeokota makombe ya konokono kando ya maji ameshika nyumba ambayo huenda ingepata mpangaji.

Samaki wengine hubeba watoto mdomoni. Mama hushika mayai humo, na vifaranga vikitoka hubaki kinywani kwanza. Na hapo ndipo anapoingia mwizi: kambare mwenye madoa, Synodontis multipunctatus. Wakati mama yule anataga na kuyaokota mayai yake, kambare hupita haraka akaacha ya kwake. Mama anayaokota yote. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema, na vitoto vyake vinawala wenyeji humo humo mdomoni. Nimewahi kuwasimulia watoto kisa hiki chini ya mwembe, na aliyekuwa mtundu kuliko wote ndiye aliyelia.

Yuko pia mla magamba, Perissodus microlepis. Hali samaki mzima, anabandua magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda: aliyepindia kulia huvamia ubavu wa kushoto, aliyepindia kushoto huvamia wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori wa Japani, aliyewachunguza samaki hawa kaskazini mwa ziwa letu, alieleza katika jarida la Science kwa nini pande zote mbili zinaendelea kuwapo. Wa upande mmoja wakizidi, samaki wengine hujihadhari kwa ubavu ule, na wale wachache wa upande wa pili wanakula vizuri na kuzaa zaidi. Mizani inageuka. Baada ya miaka michache inageuka tena.

Na kuhe? Yule anayetoka kwenye makaa akijaza sinia ndiye samaki mkubwa kuliko wote wa ukoo wa sikilidi duniani. Perege na ngege ni jamaa zake.

Je, wajua kwamba samaki wa ziwa hili wanaishi sebuleni kwa Wamarekani? Wanafugwa katika akwaria, na wafugaji huwaita kwa majina ya mwambao wetu wa Kongo: huyu wa Moba, huyu wa Kapampa. Samaki wa urefu wa kidole, mwenye mistari ya buluu, anauzwa kwa dola, tena si chache. Mzazi wa Fizi aliyeko Phoenix anaweza kumpeleka mwanawe kwenye duka la samaki wa mapambo, akamwonyesha kioo na kumwambia: huyu ni wa kwetu, babu yako alimvua. Matembezi hayo hayana gharama yoyote.

Je, wajua kwamba mambo mengi mazuri katika miji ya Marekani ni ya bure, ila hakuna anayekuja mlangoni kukwambia? Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington hayatozi kiingilio, na bustani yao ya wanyama iliyoanzishwa 1889 vilevile. Mwingereza James Smithson aliacha mali yake kwa nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja, na taasisi ikazaliwa 1846. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago, ni bure. Ya Saint Louis ni bure. Familia yenye kadi ya serikali ya msaada wa chakula huingia kwa dola 3 au pungufu, mara nyingi hadi watu 4, katika makumbusho yaliyo kwenye mpango wa Museums for All, ulioanza 2014. Mwenye mtoto wa darasa la nne aulizie shuleni hati ya Every Kid Outdoors: inaingiza mtoto na watu wa gari lake katika hifadhi za taifa bila malipo. Watoto wa Fizi wana haki hiyo kama wengine. Wapigieni simu ndugu zenu walioko huko, muwaambie.

Je, wajua kwamba okapi wa kwanza kuishi Marekani alifika Bronx Zoo, New York, mwaka 1937? Mnyama huyu porini anapatikana Kongo peke yake, katika misitu ya kaskazini-mashariki. Kuna vijana wengi wa Fizi waliomwona okapi kwa mara ya kwanza New York au Chicago, nyuma ya uzio, wakashangaa kusoma kwenye kibao jina la nchi yao.

Lakini mzazi Mkongomani anayeingia Bronx Zoo ajue na hili. Mwezi wa tisa 1906, katika nyumba ya nyani ya bustani hiyo hiyo, aliwekwa binadamu: Ota Benga, kijana wa Kongo aliyeletwa Marekani kwa ajili ya maonyesho ya Saint Louis ya 1904. Watu walifurika kumtazama pamoja na nyani. Wachungaji weusi wa New York, James Gordon akiwa mstari wa mbele, walipinga hadi akatolewa. Baada ya hapo hakurudi kwao tena. Alijiua huko Lynchburg, Virginia, mwezi wa tatu 1916. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye. Mwanao akiwa na umri wa kuelewa, mwambie jina hilo kabla hamjafika kwa gorila.

Na hao gorila wa New York si wa milima yetu. Ni wa nyanda za magharibi. Gorila wa Grauer, anayeishi Itombwe nyuma ya milima ya Fizi, haonekani katika bustani yoyote ya Marekani. Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006. Si mahali pa kupeleka watoto siku hizi bila kuuliza kwanza hali ya barabara na ya usalama. Anayetaka kupanda mlima na familia, barabara ya kutoka Baraka kwenda Fizi inatosha: unapanda, hewa inabadilika, ukigeuka unaliona ziwa chini yako.

Kutoka juu huko, usiku wa giza, wape watoto kazi ya kuhesabu taa za wavuvi. Ndakala hufuata mwanga, ndiyo maana taa. Mwezi ukiwa mpevu hazionekani, kwa sababu mwanga wake huwatawanya samaki, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu. Kwa taa tu mtoto anaweza kukwambia mwezi uko siku ya ngapi.

Upesi upesi: mwanamapinduzi Che Guevara alishuka mwambao wa Fizi, Kibamba, tarehe 24 mwezi wa nne 1965, akaondoka mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule. Ziwa letu lina kiumbe laini mwenye umbo la mwavuli, upana kama wa sentimita 2, ndugu wa wale wa baharini, na hamdhuru mtoto. Lina pia fira wa majini anayekula samaki: ana sumu, mwacheni apite. Mito inapoingia ziwani ndipo mamba hupenda, kwa hiyo watoto waogelee mbali na hapo. Na maji yakiwa maangavu kiasi cha kuona chini si kwamba yananyweka. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kati ya Uvira na Baraka. Beba maji ya kuchemsha kutoka nyumbani, hata kama ufukwe uko hatua mia.

Je, wajua maji haya yanakwenda wapi? Rusizi inaingia kaskazini. Livingstone na Stanley walikwenda kuhakikisha hilo mwishoni mwa 1871. Maji mengi hupandishwa na jua. Yanayobaki hutoka kwa mlango mmoja, Lukuga, pale Kalemie, yakaingia Lualaba, yakawa mto Kongo, yakapita Kisangani na Kinshasa, yakamwagika katika Atlantiki. Ng'ambo ya bahari hiyo ndiko New York iliko. Watoto wakiuliza ufukweni wanarusha jani kwenda kwa nani, wana anwani.