Sikukuu Maabarani

Tarehe 25 Desemba 1984, Carol Greider, mwanafunzi wa miaka 23, aliingia maabara ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kutazama filamu ya eksirei. Juu yake palikuwa na mistari myeusi iliyopandana, ikirudia mpangilio uleule kila baada ya herufi sita za DNA. Ilikuwa Krismasi, na alikuwa na miezi michache tu chini ya msimamizi wake, Elizabeth Blackburn.

Swali lao lilihusu ncha za kromosomu, ziitwazo telomeri. Telomeri huilinda kromosomu kama pindo linavyokizuia kitambaa kisifumuke. Lakini kila seli inapojigawa, mashine inayonakili DNA haiwezi kuimaliza ncha yote, hivyo kipande kidogo hupotea. Ingekuwa hivyo tu, viumbe vya seli moja vingekwisha zamani. Lazima kuna kitu kinachorudishia.

Walikitafuta ndani ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi. Uchaguzi huo una akili kuliko unavyoonekana. Binadamu ana kromosomu 46, yaani ncha 92 kwa kila seli. Tetrahymena ana vipande vifupi vya DNA kwa maelfu, kwa hiyo ncha zake ni nyingi mno. Penye ncha nyingi, anayezihudumia hapatikani kwa shida. Greider alisaga seli, akachanganya maji yake na vipande vya DNA vilivyotengenezwa maabara na herufi zenye mionzi, kisha akasubiri filamu ioneshe kama vipande vimerefuka. Vilikuwa vimerefuka.

Mtu wa shahada ya kwanza angesherehekea na kufunga daftari. Uzamivu huanzia hapo. Huenda kilichoonekana ni kimeng'enya cha kawaida, kile kinachonakili DNA siku zote, kikiwadanganya. Basi ikafuata miezi ya kujaribu kuyavunja matokeo yao wenyewe. Greider aliweka vipande vya DNA ya ovyo: havikurefuka. Akaweka kipande chenye mpangilio wa ncha za hamira, na maji ya seli za Tetrahymena yakakiongezea mpangilio wao, TTGGGG, si ule wa hamira. Jaribio hilo ndilo lililofunga mjadala, maana kunakili kusingeweza kuzaa mpangilio ambao haukuwamo kwenye kipande. Makala yao ilitoka katika jarida la Cell mwezi Desemba 1985, karibu mwaka mzima baada ya ile Krismasi. Kimeng'enya hicho kikaja kuitwa telomerasi. Greider alipata uzamivu wake mwaka 1987, na mwaka 2009 yeye, Blackburn na mtafiti mwenzao Jack Szostak wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Matunda yake yako hospitalini pia: kati ya asilimia 85 na 90 za saratani za binadamu huiwasha telomerasi ili seli zake zisiishiwe telomeri. Na vimelea vya malale, vinavyosambazwa na mbung'o, huweka karibu na telomeri zile jeni vinazozitumia kubadilisha koti lao la nje na kuikwepa kinga ya mwili.

Greider nusura asiipate nafasi ya kusoma uzamivu. Ana disleksia, hali inayofanya kusoma na kuandika maneno kuwe kazi ngumu, na alama zake katika GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu Marekani, zilikuwa za chini. Vyuo vingi vilimkataa. Berkeley ilitazama kazi aliyokwisha kuifanya maabara akiwa bado na shahada ya kwanza, ikamchukua.

Miaka ya karibuni programu nyingi za uzamivu wa biolojia nchini Marekani zimeacha kuudai mtihani huo. Mwombaji sasa hupimwa zaidi kwa barua za waliomsimamia na utafiti alioufanya kwa mikono yake. Akikubaliwa, kwa kawaida halipi ada, hupewa posho, na mwaka wa kwanza huzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua moja ya kukaa miaka mitano au sita. Ni utaratibu mzuri, ila una kikwazo chake. Kijana wa Dodoma au Kisumu aliyesomea biolojia kwenye ukumbi wa wanafunzi mia tatu, wakigombea darubini chache, ataandikiwa barua na nani kuhusu utafiti ambao hakupata nafasi ya kuufanya?