Kitabu Kilichomo Simuni na Msomaji Asiyeona

Siku hizi nyumba nyingi zina maktaba zake, nazo zakaa mfukoni. Vitabu vya shule, magazeti, hotuba na matangazo ya msikiti huletwa katika simu, tokea Shinyanga mjini hata kwenye machimbo ya Geita. Wengi husema kuwa sasa elimu imemfikia kila mtu. Sisi twasema bado, kwani kitabu chaweza kufika mkononi kisisomeke.

Na tutazame Shinyanga. Hapo ipo Shule ya Msingi Buhangija, ipokeayo watoto wasioona, viziwi, na wenye ualbino. Hao wenye ualbino walizidi kukimbilia hapo kwa sababu ya mauaji yaliyoenea Kanda ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007, pale waganga walipowadanganya watu ya kuwa viungo vya wanadamu hao huleta dhahabu kwa mchimbaji na samaki kwa mvuvi. Habari za mapanga sote tumezisikia. Habari za macho yao wachache wazijua. Ualbino hupunguza rangi ya ngozi, ya nywele, na ya macho pia. Kwa hiyo mwanga mkali huwaumiza, macho huchezacheza, na miwani haiondoi udhaifu wote. Mtoto wa namna hiyo huinamia kitabu hata pua ikakaribia karatasi. Wako wamdhaniao mjinga, ilhali alichokosa ni herufi kubwa tu.

Hapa ndipo simu ingemfaa sana. Maandishi yaliyoandikwa ndani yake kwa herufi za kweli yaweza kukuzwa, kufanywa meupe juu ya weusi, na kusomwa kwa sauti na programu, ambazo baadhi yake zajua Kiswahili. Lakini mtu akiupiga picha ukurasa na kuutuma, mara nyingi programu haipati herufi za kusoma. Asiyeona husikia kwamba ipo picha, basi. Mwenye uoni hafifu akiikuza, herufi hufifia na mistari hutoka nje ya kioo. Kadhalika kiziwi, aletewapo hotuba ya video isiyo na maandishi chini yake, huona midomo ikicheza tu.

Sheria hazikukosekana. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013. Mkataba huo waruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya nukta nundu, sauti au herufi kubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, pasipo kungoja idhini ya mwenye haki ya kitabu. Lakini mkataba hautengenezi kitabu. Lazima awepo mwenye kukitengeneza.

Basi vijana, nyinyi ndio mwandaao masomo na matangazo katika simu za wazee wenu. Tumeni maandishi, msitume picha ya maandishi. Wekeni vichwa vya habari, elezeni kila picha kwa maneno, na hotuba iandikwe. Kisha, kabla ya kutuma, washeni sauti ya simu, fumbeni macho, msikilize. Msilolielewa nyinyi, naye hataelewa.